Misimu Mitatu ya Kuwasubiri Ndege wa Kaskazini katika Mashamba ya Karamoja

Watu wengi wa Kampala wakisikia kwamba mtu anasafiri hadi Karamoja kutazama ndege, hudhani anakwenda kwenye hifadhi ya wanyama ya Kidepo. Mimi pia nilidhani hivyo, na dhana hiyo, pamoja na nyingine zilizofanana nayo, ilinipotezea misimu miwili mizima. Naandika haya kwa ajili ya Mganda mwenzangu, hasa mwenye mshahara wa kawaida kama wangu, ambaye amesikia kwamba kuanzia Septemba ndege wa Ulaya na Asia hushuka katika nchi kavu ya kaskazini mashariki kwetu, naye anataka kuwaona wakifika bila kupoteza fedha, muda na heshima yake kama nilivyopoteza mimi.

Mimi ni mzaliwa wa Bombo. Nyumbani tulizungumza Kinubi na Kiswahili, na Kiswahili ndicho kilichonipa kazi, kwa kuwa nakifundisha katika shule moja ya sekondari mjini Moroto. Nilipopangiwa huko sikujua ndege yeyote zaidi ya wale ambao kila Mganda anawajua: kaloli wa majalala ya Kampala na korongo taji aliye kwenye bendera. Kilichonivuta ni habari fupi niliyoisoma kwenye simu kuhusu ndege mdogo anayeishi ardhini, ambaye wataalamu humwita Oenanthe oenanthe. Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo ya kuwafuatilia baadhi ya ndege hao kwa vifaa vidogo walivyofungiwa huko Alaska. Ndege yule, mwenye uzito wa gramu 25 hivi, yaani vijiko viwili vikubwa vya sukari, alikatiza Asia na Bara Arabu akafika Afrika Mashariki baada ya safari ya kilomita zipatazo 14,500 iliyochukua takriban miezi mitatu, na miongoni mwa nchi zilizotajwa kuwa makao yake wakati wa baridi ya kwao ilikuwemo Uganda. Nilikuwa nimekaa kibarazani, miguu kwenye beseni la maji. Nikatazama uwanja mtupu uliokuwa mbele yangu, kwa mara ya kwanza nikiwa na nia ya kuona kilichomo.

Hapo sina budi kusema neno kuhusu nchi yenyewe, kwa sababu kosa langu la kwanza lilianzia hapo. Karamoja si jangwa la mchanga. Ni nchi kavu yenye msimu mmoja wa mvua, unaoanza karibu na Aprili na kwisha Septemba au Oktoba, kisha hufuata ukame na upepo mkavu mpaka Machi. Katika miezi ya mvua tambarare yote huwa na nyasi na mtama, na ule udongo mweusi ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono hugeuka kuwa kama ulimbo. Mimi nilikuwa na likizo mwishoni mwa Agosti 2022, nikaona kwamba likizo ndiyo nafasi, nikakodi bodaboda kwa siku tatu kwenda upande wa bwawa la Kobebe. Siku ya kwanza tulisukuma pikipiki kuliko ilivyotubeba. Siku ya pili dereva, kijana mpole sana, aliniuliza kwa adabu iwapo ndege hao hawapatikani karibu na lami. Siku ya tatu hakuja, nami sikumlaumu. Nilirudi na picha za mtama mbichi na deni la shilingi 120,000 kwa mwalimu mwenzangu wa hesabu, ambaye hakuwahi kunisahaulisha.

Ndege wengi wa nchi wazi hawapendi majani marefu. Wanapenda ardhi iliyo uchi au yenye majani mafupi, ambako mdudu akisogea huonekana: shamba lililovunwa, mahali palipochungwa sana, mahali palipoungua. Kwa hiyo hata wale wa mwanzo waliofika wakati mvua bado ipo walikuwa juu angani au wameshukia mahali nisipopatazama. Mbayuwayu na keremkerem wa Ulaya hupita kuanzia Septemba, na keremkerem husikika kabla ya kuonekana, kwa mlio laini wa kubiringika unaotoka juu kabisa. Niliusikia mlio huo mara nyingi mwaka ule nikidhani ni wadudu.

Mwanzoni mwa Oktoba niliona korongo. Walikuwa kama sitini, wamesimama kwenye malisho pembeni mwa barabara, nami nilifurahi hata nikatuma ujumbe kwa kila mtu niliyekuwa na namba yake kwamba wageni kutoka Ulaya wamefika. Mtu mmoja anayewajua ndege alinijibu kwa swali moja tu: mgongo wao ni wa rangi gani? Ulikuwa mweusi. Niliowaona walikuwa korongo wa Abdim, ambao nao ni wasafiri, lakini safari yao haitoki nje ya Afrika. Korongo mweupe wa Ulaya ana mwili mweupe, nyuma ya mabawa tu ndiko kweusi, na mdomo na miguu yake ni myekundu. Ilinibidi niwaandikie watu wote wale tena kusahihisha. Tangu hapo nina desturi ya kukaa na habari kwa siku mbili kabla ya kuitangaza.

Aibu hiyo ilikuwa ndogo ukilinganisha na iliyofuata, na hii ndiyo ningependa isomwe kwa makini. Katikati ya Oktoba nilivaa jaketi langu la kijani kibichi, nikaning'iniza darubini shingoni, nikaingia kwa miguu katika mashamba ya mtama yaliyokuwa bado hayajavunwa yote. Juu ya majukwaa ya miti walisimama wasichana wakifukuza kwelea kwa kombeo na makopo. Niliwasalimu kwa Kiswahili changu kizuri cha darasani. Wawili waliruka chini wakakimbia. Aliyebaki aliniita afande.

Nilipaswa kulijua jambo hilo. Tangu Julai 2021 jeshi lilikuwa likiendesha operesheni ya kuwanyang'anya watu silaha na kuzuia wizi wa mifugo, na jina la operesheni yenyewe ni la Kiswahili: Usalama kwa Wote. Katika vijiji vile Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi, ya doria na ya mnada wa ng'ombe. Mtu mgeni mwenye jaketi la kijani, chombo cha kutazamia mbali na Kiswahili kilichonyooka, hata angesema anatafuta ndege, nani angemwamini? Baada ya muda walikuja wazee wawili. Nilipojitahidi kueleza kwamba natazama ndege, sura zao zilibadilika zikawa na matumaini, wakaniuliza dawa iko wapi. Walidhani nimetumwa kuja kunyunyizia kwelea. Katika shamba la mtama neno ndege lina maana moja tu, nayo ni njaa. Nilipowaambia kwamba sina dawa, na kwamba nimekuja tu kuwaangalia, mmoja wao alicheka kicheko kifupi, kisha wakanisindikiza hadi barabarani, mmoja mbele na mmoja nyuma. Hapo barabarani doria ikanisimamisha, nikaeleza upya mambo yale yale kwa upande wa pili. Nilifika nyumbani saa mbili usiku nikitetemeka. Jaketi lile nilimpa mlinzi wa shule.

Msimu wa pili, 2023, niliamua kwamba suluhisho ni fedha. Nilinunua kwanza darubini nyingine katika duka moja la Kampala, iliyoandikwa 30x60 kwa herufi za dhahabu, kwa shilingi 90,000. Namba kubwa zilinidanganya. Darubini yenye kukuza mara nyingi kiasi hicho, ikiwa kweli inakuza, hutikisika mkononi hata ndege hawi ndege tena, na ile yangu ilikuwa na giza ndani kana kwamba natazama kupitia chupa ya soda. Darubini ya kazi hii ni 8x42: hukuza mara nane, na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42 wa kuingiza mwanga wa alfajiri. Niliipata baadaye, ya mtumba, kwa shilingi 450,000 nilizolipa kwa awamu nne. Laiti ningeanza nayo.

Kisha, Desemba, nikaenda Kidepo. Sitamvunja mtu moyo: ni hifadhi nzuri mno, na simba nilimwona. Lakini nilitumia karibu mshahara wa mwezi mzima kwa gari, mafuta, kiingilio na malazi, na aliyenitembeza alikuwa na haraka ya kunionyesha nyati na twiga kama anavyowaonyesha watalii wote. Kila niliposema simama, gari lilisimama mita mia moja mbele. Nilirudi Moroto na ndege wa kaskazini watano kwenye daftari, watatu kati yao wakiwa na alama ya kuuliza.

Siku mbili kabla ya Krismasi nilipanda basi kwenda kwetu. Tulipokaribia Iriiri, chini ya mlima Napak, gurudumu likapasuka. Abiria walishuka, wengine wakaanza kumgombeza kondakta, nami nikavuka mtaro ili nijisitiri kwenye kichaka. Ng'ambo ya kichaka kulikuwa na shamba la mtama lililokwisha kuvunwa, mabua yamelala, ng'ombe kama thelathini wakiyatafuna taratibu. Nyuma ya ng'ombe hao, wakitembea kama walimu wanaosimamia mtihani, kila mmoja na safu yake, walikuwa korongo weupe arobaini na wawili. Nyuma ya kila kwato panzi waliruka, na mdomo mwekundu ulikuwa tayari unawangoja. Kati ya miguu ya ng'ombe walikimbia ndege wembamba wenye kifua cha manjano, wakitikisa mikia. Nilikuwa nimelala Kidepo usiku minne nikiwatafuta hawa, nao walikuwa hapa, mita themanini kutoka lami, kwenye njia ninayopita kila likizo.

Chini ya mgunga alikaa mzee juu ya ekicolong, kile kigoda kidogo ambacho wanaume wa Karamoja hutembea nacho na usiku hukifanya mto. Safari hii sikuingia. Nilisimama ukingoni mpaka aliponipungia mkono. Kiswahili chake alikiokota kwenye minada ya ng'ombe, nacho kilitutosha.

"Wewe natafuta nini?" aliuliza.

"Shikamoo mzee. Natazama wale ndege weupe."

Alinitazama, akawatazama wao, akanitazama tena. "Mwaka jana mtu natembea kwa mtama ya watu, anasema anaona ndege. Ni wewe?"

Habari ilikuwa imesafiri mwendo wote ule. Nilikiri. Mzee alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya shuka, kisha akasema maneno ambayo, kwa kweli, ndiyo mafunzo yote niliyoyapata katika misimu hii mitatu: "Mwalimu, wewe natembea mingi. Hawa wenyewe ndiyo natembea. Wewe kaa."

Msimu wa tatu ulianza Septemba 2024, na nilikaa. Kabla ya kukaa nilikwenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, nikiwa na kitambulisho cha taifa na barua ya mkuu wa shule, nikajiandikisha kwenye daftari lake, nikamweleza siku nitakazokuja na shamba nitakalokaa. Usiiruke hatua hii hata kama mwenye shamba ni rafiki yako, kwa sababu doria ikiuliza, jina lako linakuwa tayari linajulikana. Kwa mzee nilipeleka sukari kilo mbili, majani ya chai na tumbaku ya kunusa. Hakunitoza fedha, na sikumshurutisha azipokee, lakini nilijifunza kwamba ukikaa kivulini kwa mtu kutwa nzima, kitu cha mkononi ndicho kinachokufanya mgeni badala ya mzururaji. Nilivaa shati la kaki lililofifia. Ng'akarimojong nilijifunza maneno ishirini hivi, la kwanza likiwa alakara, yaani asante, na nilishangaa jinsi maneno ishirini yanavyofungua midomo ambayo Kiswahili fasaha kiliifunga.

Shida kubwa ilikuwa kazi. Ndege wengi hufika Oktoba na Novemba, miezi ile ile ya mitihani ya kidato cha nne, na mwalimu hawezi kumwambia mkuu wa shule kwamba anaomba ruhusa ya kusubiri korongo. Nilikuwa na Jumamosi na Jumapili tu. Kwa hiyo nililazimika kujua saa, na saa ndiyo iliyonigharimu tena, kwa mwezi mzima.

Nilikuwa nikitoka Moroto alfajiri, nafika shambani saa kumi na mbili na nusu, nakaa mpaka saa nne, kisha naondoka kwa sababu baada ya hapo joto huanza kupanda kutoka ardhini na mazigazi huigeuza tambarare kuwa ziwa linalotetemeka. Ndege aliye umbali wa mita mia mbili huonekana mara mrefu, mara mnene, mara wawili. Kwa ndege wadogo mpango huo ulikuwa sahihi. Wengi wao husafiri usiku, na alfajiri ndipo unapowakuta wametua, wamechoka. Lakini korongo hasafiri usiku. Mabawa yake mapana hayakuumbwa kwa kupigapiga umbali mrefu. Hutegemea hewa ya moto inayopanda, hujizungusha ndani yake mpaka juu, kisha huteleza hadi kwenye mwinuko mwingine wa hewa. Ndiyo maana korongo wa mashariki mwa Ulaya huikwepa bahari ya Mediteranea, wakapita Uturuki, Israeli, Sinai na bonde la Nile kabla ya kutufikia: juu ya bahari hakuna hewa ya kuwapandisha. Basi ndege anayetegemea joto la mchana atafika lini? Alasiri, joto linapoanza kupungua. Mimi saa hizo nilikuwa mjini nakula posho na maharagwe. Mzee aliniambia mara mbili kwamba weupe wanakuja jua likiwa pale, akielekeza fimbo, nami nilidhani anazungumzia walikotokea.

Ndege mdogo wa Alaska, au jamaa yake wa Ulaya, kwa maana kwa macho siwezi kujua alikotoka, nilimwona kwa mara ya kwanza bila shaka yoyote tarehe 12 Oktoba, saa moja na dakika kumi asubuhi. Hakuwepo, kisha akawepo. Alisimama juu ya bonge la udongo mweusi, hatua kumi na tano kutoka nilipokaa, manyoya yamevimba dhidi ya baridi, jicho moja limefumbwa. Kwa muda wa dakika nne hivi hakufanya lolote. Upepo ulipovuma kutoka nyuma manyoya ya mgongo yalifunuka na ngozi ikaonekana. Kisha akafumbua jicho, akakimbia hatua sita, akasimama wima, akainama mara moja, akadonoa mchwa. Aliporuka kwenda bonge jingine nikaona kile nilichokuwa nikikitafuta tangu 2022: kiuno cheupe pe, na kwenye mkia alama nyeusi iliyo kama herufi T iliyopinduliwa. Mabonge yale aliyapitia moja baada ya jingine kama mtu anayebisha hodi nyumba kwa nyumba. Sikupiga picha. Mikono haikutaka.

Yupo anayefanana naye, Oenanthe isabellina, ambaye naye huja kwetu kutoka Asia, naye alinisumbua wiki nne. Ni mkubwa kidogo, wa rangi ya mchanga mwili mzima, husimama wima zaidi, na weusi wa mkia wake ni mpana hata mguu wa ile T hauonekani vizuri. Tazama mkia anaporuka. Aliyesimama acha kumbishania. Wenye taabu zaidi ni mwewe wembamba wa mabawa marefu, Circus pygargus na Circus macrourus, wanaoelea chini chini juu ya mabua kana kwamba wameangusha ufunguo. Madume ni rahisi: pygargus ana mstari mweusi unaokatiza juu ya bawa, na macrourus ni mweupe zaidi, mwenye weusi kama kabari kwenye ncha tu. Majike na wachanga wote ni wa kahawia wenye kiuno cheupe. Niliandika jike mmoja kuwa macrourus kwa sababu ndiye adimu zaidi na ndiye niliyemtaka. Mhakiki wa orodha niliyoituma aliniuliza iwapo niliona kola nyeupe nyuma ya shavu na shingo nyeusi pembeni yake. Sikuwa nimeangalia. Niliandika nilichotamani. Sasa daftari langu lina kurasa nyingi zilizoandikwa "mwewe, jike, sijui", na naziamini kuliko zile za kwanza.

Korongo walifika shambani Jumapili ya tarehe 3 Novemba, nikiwepo, kwa kuwa hatimaye nilikuwa nimemwelewa mzee. Saa tisa na nusu upande wa minara ya mawe ya Alekilek palionekana kitu kama vumbi linalozunguka. Kiliteleza kikawa mstari, mstari ukawa ndege, na walipofika juu yetu walishusha miguu yote kwa pamoja kama watu wanaopapasa ngazi gizani. Hakukuwa na sauti isipokuwa ya hewa katika mabawa. Nilihesabu mara tatu nikapata majibu matatu. Mzee alinifundisha njia ya mchungaji: usihesabu mmoja mmoja kundi linalosogea; shika jicho lako kumi, uone ukubwa wa kumi, kisha ulitandike juu ya kundi zima kama mkeka. Tulipata kumi mara saba na kidogo.

Nami nikaharibu. Nilitaka picha ya wote wakiwa hewani, nikampa mjukuu wa mzee shilingi elfu moja akimbie kuwarusha. Alikimbia, wakaruka, picha ikatoka mbovu, na hawakurudi chini. Walikwenda mpaka macho yakawapoteza, ndege waliotoka Ulaya na ndiyo kwanza wameweka miguu chini. Mzee hakupandisha sauti. Alimwambia mtoto arudishe ile elfu, mtoto akairudisha, nikaipokea mbele ya watu. Ilinichukua siku kumi na tatu kupata ujasiri wa kurudi.

Niliporudi hakulitaja jambo lile. Alitoa kwenye kibindo pete ya chuma yenye maandishi, iliyokuwa kwenye mguu wa korongo aliyekutwa amekufa bondeni, na akauliza kama ni ya wachawi au ya wapelelezi. Sikucheka, maana mwaka 2013 huko Misri korongo alizuiliwa kwa tuhuma za upelelezi kwa sababu ya kifaa alichofungwa mgongoni. Nilimweleza kwamba ni kama chapa ya ng'ombe, kwamba kuna mtu aliyemshika ndege yule akiwa kinda, akaandika namba ili ajulikane alikofika. Hilo alilielewa kuliko yote niliyowahi kumwambia. Ukipata pete, iandike kama ilivyo, herufi na namba zote pamoja na jina la nchi au kituo, piga picha, andika mahali na tarehe, kisha peleka taarifa kwa NatureUganda, shirika la uhifadhi, au kwa kituo kilichoandikwa juu yake. Ndege aliye hai mwenye pete usimkamate kwa ajili ya kuisoma. Darubini inatosha, na ikishindikana, basi imeshindikana.

Makadirio ya gharama za msimu huo wa tatu ni haya: nauli na bodaboda kwa safari kumi na moja, karibu shilingi 400,000, sukari, chai na tumbaku, 110,000, kofia pana, ambayo niliikataa kwa kiburi mpaka ngozi ya shingo ilipobambuka, 15,000. Maji lita tatu kwa siku, nayo usiyapunguze, kwa sababu upepo ule hukausha jasho kabla hujalihisi, nami Novemba moja nilijikuta nimelala chini ya mgunga nikitapika, mke wa mzee akininywesha uji wa mtama kwa kibuyu. Yote pamoja yalikuwa chini ya zile siku nne za Kidepo.

Mwaka 2025 tulikubaliana ishara. Mzee ana simu ya kitochi asiyoiwekea fedha. Weupe wakishuka, mjukuu atanibipu mara tatu. Jumanne moja ya Novemba nilitoka kusimamia karatasi ya pili ya Kiswahili, nikarudishiwa simu yangu mlangoni, nikakuta zile tatu, zote za jana yake alasiri. Nilivumilia mpaka Jumamosi. Nilipofika, shamba lilikuwa tupu, mabua yameungua nusu, na juu ya majivu zilionekana nyayo ndefu za vidole vitatu na manyoya mawili meusi ambayo mjukuu alikuwa amenichomekea kwenye kichuguu.

"Walilala siku ngapi, mzee?"

"Nne. Jana asubuhi napanda juu, naenda kule." Akaelekeza fimbo kusini. "Mimi naambia wao, mwalimu iko na mtihani. Hawasikii."

Alinisogezea kigoda chake, yeye akaketi chini. Kwenye ukingo wa majivu ndege mdogo wa kiuno cheupe alikuwa akipitia mabonge, moja baada ya jingine.